Sumukuvu ya Ukambani na Kiyeyushi Kinachobadilika

Kibwezi ni mji wa Kaunti ya Makueni ulioko yapata kilomita 200 kutoka Nairobi, mahali ambapo barabara kuu ya Mombasa na reli hupita karibu na vilima vya Chyulu, na ambapo barabara ya Mutomo huchepuka, ikavuka mto Athi na kuendelea hadi Kitui. Katika vitabu vya historia mji huu hutajwa kwanza kwa sababu ya misheni ya Waskoti iliyoanzishwa hapo mwaka 1891 na kuhamishiwa Kikuyu mwaka 1898, kisha kwa sababu ya reli, mkonge na ukame. Hata hivyo, jambo lililozifanya Makueni na Kitui zitajwe katika maabara za dunia nzima ni vifo vya mwaka 2004, vilivyosababishwa na mahindi yenye sumu isiyoonekana kwa macho. Historia ya sumu hiyo imeandikwa mara nyingi na madaktari, lakini historia ya namna ilivyopimwa haijaandikwa vya kutosha. Ndani yake imo mbinu moja ya kikemia, yaani ilusheni ya gradienti, ambayo mwanafunzi anayeanza huiona kuwa hesabu kavu ya asilimia na dakika, ilhali kwa Ukambani ndiyo iliyowezesha damu ya watu itoe ushahidi ambao mahindi peke yake yasingeweza kuutoa.

Wakamba wa vizazi vya zamani walitegemea zaidi mtama, uwele, wimbi, kunde, mbaazi na ndengu, mazao yanayostahimili jua la nyanda hizi, ambako mvua huja katika misimu miwili na ambako mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo zinazoaminika zaidi. Mahindi yalishika nafasi ya kwanza katika enzi ya ukoloni, na baada ya kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na mji wa Machakos, kutoa mbegu inayokomaa upesi katika miaka ya 1960, hata mashamba makavu kabisa yalipandwa zao hilo. Faida yake ilikuwa kubwa, lakini iliambatana na hatari ambayo haikujulikana wakati huo. Mhindi ulioteswa na ukame na kutobolewa na wadudu hushambuliwa kwa urahisi na kuvu aitwaye Aspergillus flavus, anayependa joto, na punje zikiwekwa ghalani kabla hazijakauka vizuri, yaani zikiwa na unyevu unaozidi asilimia 13 au 14, kuvu huyo huendelea kukua gizani na kutoa sumu.

Sumu yenyewe iligunduliwa mbali na Ukambani. Mwaka 1960 zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa nchini Uingereza kwa ugonjwa wa ini usiojulikana, na uchunguzi ukaonyesha kwamba walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Katika kipindi hichohicho vifaranga vya bata vilikufa Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo, kwa kulishwa mashudu ya karanga za huku. Wanakemia walipoikamua sumu hiyo na kuiweka chini ya taa ya mwanga wa urujuanimno, yaani mwanga ulio nje ya upeo wa jicho la binadamu, waliona vidoa vinavyong'aa, vingine kwa rangi ya buluu na vingine kwa rangi ya kijani. Vya buluu viliitwa B1 na B2, vya kijani vikaitwa G1 na G2, na familia nzima ikapewa jina la aflatoksini, ambayo katika Kiswahili cha kilimo na afya imezoeleka kama sumukuvu, ingawa sumukuvu ni nyingi na aflatoksini ni kundi moja tu miongoni mwake. B1 ndiyo kali kuliko zote, nayo huharibu ini haraka ikiliwa kwa wingi na kuleta saratani ya ini ikiliwa kidogokidogo kwa miaka.

Kutenganisha vidoa hivyo kulitokana na ufundi uliokuwa na umri wa karibu miaka 60 wakati huo. Mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tswett, alieleza mwaka 1903, na kuchapisha kwa kirefu mwaka 1906, namna alivyoshindilia unga wa chokaa ndani ya bomba la kioo, akamimina juu yake maji ya majani yaliyosagwa katika kiyeyushi, na kuona rangi za jani zikijitenga kuwa mikanda ya kijani na ya manjano kadiri kiyeyushi kilivyoteremka. Hiyo ndiyo kromatografia, na kanuni yake haijabadilika tangu hapo: kuna kitu kilichotulia, kama vile chokaa au punje za silika, na kuna kimiminika kinachopita, na kila kemikali hugawa muda wake kati ya kung'ang'ania kile kilichotulia na kusafiri na kile kinachopita. Kemikali inayopenda kusafiri hutoka mapema, inayopenda kung'ang'ania huchelewa, na tofauti hiyo ya muda ndiyo inayozitenganisha.

Katika miaka ya 1960 na 1970 sumukuvu ilipimwa hasa kwa umbo sahili la ufundi huo. Bamba la kioo lilipakwa silika, tone la mahindi yaliyokamuliwa kwa klorofomu likawekwa karibu na ukingo wa chini, bamba likasimamishwa ndani ya chombo chenye kiyeyushi kidogo, na kiyeyushi kikapanda kikibeba sumu. Mpimaji alilikausha bamba, akaingia chumba chenye giza, akawasha taa na kulinganisha kwa jicho mng'ao wa vidoa vya sampuli na vidoa vya kiwango kinachojulikana. Kazi hii ilihitaji mkono mwepesi na jicho lililozoea, nayo iliheshimika, kwa kuwa maarifa ya mwanzo kuhusu sumukuvu yalijengwa juu yake. Nchini Kenya, Peers na Linsell walichapisha mwaka 1973 utafiti wao wa Murang'a, ambamo walipima chakula kilichopikwa na pombe za kienyeji katika maeneo ya juu, ya kati na ya chini ya wilaya hiyo, wakaonyesha kwamba kadiri sumukuvu katika chakula ilivyozidi ndivyo na saratani ya ini ilivyozidi.

Ukambani ulifikiwa na pigo la kwanza lililoandikwa rasmi mwaka 1981. Kati ya Machi na Juni ya mwaka huo wagonjwa 20 walilazwa katika hospitali tatu za wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni hadi ilipotengwa kuwa wilaya yake mwaka 1992, wakiwa na macho ya manjano, maumivu ya tumbo na ini lililoshindwa kazi, na 12 kati yao walifariki. Ngindu na wenzake walieleza katika jarida la The Lancet, mwaka 1982, kwamba mahindi yaliyokutwa katika nyumba zilizoathirika yalikuwa na hadi mikrogramu 12,000 za aflatoksini B1 katika kila kilo, kiasi ambacho ni mamia ya mara ya kile kinachoweza kuvumiliwa katika chakula. Ripoti hiyo ilikuwa onyo kamili, lenye eneo, chanzo na kipimo. Ni jambo la kuhuzunisha sana kwamba miaka 23 baadaye eneo lilelile lilizika watu wengi zaidi kwa sababu ileile.

Katika miaka hiyo 23 ufundi wa kupima ulikuwa umehama kutoka bamba hadi mashine. Kromatografia ya kimiminika yenye shinikizo kubwa, iliyopewa umbo lake katika miaka ya 1960 na watu kama Csaba Horváth wa Chuo Kikuu cha Yale, hutumia kolamu, yaani bomba la chuma ambalo mara nyingi huwa na urefu wa sentimita 15 au 25 na upana wa ndani wa milimita 4.6, lililoshindiliwa punje za silika zenye kipenyo cha sehemu chache tu za elfu za milimita. Kwa kuwa punje ni ndogo mno, kiyeyushi hakipiti kwa uzito wake kama katika bomba la Tswett, bali husukumwa na pampu kwa shinikizo linaloweza kuzidi lile la hewa mara 100 na zaidi. Punje zenyewe hufunikwa kwa minyororo ya kaboni 18, iliyo kama nywele za mafuta juu ya mchanga, ili zishike kemikali zinazochukia maji. Katika kolamu ya namna hiyo maji ni kiyeyushi dhaifu, kwa kuwa hayawezi kuing'oa kemikali kutoka kwenye minyororo hiyo, ilhali methanoli na asetonitrili ni viyeyushi vyenye nguvu, na mpimaji hupata nguvu anayoitaka kwa kuvichanganya na maji. Mwishoni mwa kolamu hukaa kitambuzi, chombo kinachoona kila kitu kinachotoka na kuchora mstari. Kemikali ikipita, mstari hupanda na kushuka na kufanya kilele, na eneo lililo chini ya kilele hicho ndilo linaloeleza kiasi chake.

Kwa aflatoksini za mahindi, kiyeyushi kisichobadilika kinatosha. Ndugu hao wanne wanafanana mno: uzito wa molekuli ya B1 ni 312, B2 ni 314, G1 ni 328 na G2 ni 330, na tofauti kati yao ni atomi chache za haidrojeni na oksijeni. Kwa hiyo mchanganyiko mmoja wa maji, methanoli na asetonitrili, ukipita kwa mwendo uleule tangu mwanzo hadi mwisho, huwatoa wote kwa zamu ndani ya takriban robo saa, G2 akitangulia, kisha G1, kisha B2, na B1 akija mwisho. Ugumu pekee ni kwamba B1 na G1 hufifia mng'ao wakiwa ndani ya maji, hivyo baada ya kutoka kwenye kolamu huchanganywa na iodini au bromini ili mng'ao wao urudi kabla ya kufika kwenye kitambuzi. Aidha, sampuli husafishwa kwanza katika kikolamu kidogo chenye kingamwili, yaani protini zinazoitambua na kuidaka aflatoksini peke yake, huku wanga, mafuta na rangi ya mahindi vikioshwa na maji. Usafi huo ndio unaoifanya kazi iliyobaki iwe nyepesi.

Mambo hubadilika pale sampuli inapokuwa na kemikali nyingi zenye tabia zinazotofautiana mno. Mpimaji akichagua kiyeyushi dhaifu, kemikali za mwanzo hutengana vizuri, lakini za mwisho hung'ang'ania kwa saa nyingi na kutoka zikiwa zimetanda, vilele vyao vikiwa vifupi na vipana kiasi cha kutopimika. Akichagua kiyeyushi chenye nguvu, za mwisho hutoka upesi na kwa umbo zuri, lakini za mwanzo hutoka zote kwa pamoja, kilele juu ya kilele. Hakuna mchanganyiko mmoja unaozifaa zote. Ilusheni ni kuzitoa kemikali kwenye kolamu kwa kuziosha na kiyeyushi, na gradienti ni badiliko la taratibu linaloendelea. Ilusheni ya gradienti, basi, ni kuzitoa kemikali kwa kiyeyushi kinachoanza kikiwa dhaifu na kuongezwa nguvu kidogokidogo kadiri safari inavyoendelea, hata kila kemikali ipate wakati ambapo nguvu ya kiyeyushi inalingana na tabia yake.

Mbinu hii ilielezwa kwa utaratibu wa kisayansi mwaka 1952 huko Uppsala, Sweden, na Alm, Williams na Tiselius, huyu wa mwisho akiwa ameshapata Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1948. Chombo chao kilikuwa sahili: chupa ya kuchanganyia iliyojaa kiyeyushi dhaifu na kukorogwa muda wote, na juu yake chombo kingine kilichodondosha kiyeyushi chenye nguvu ndani ya chupa hiyo, hivyo kile kilichoingia kwenye kolamu kikawa kinaongezeka nguvu bila mtu kukigusa. Walichokipata kilizidi kuokoa muda. Katika mkanda wa kemikali unaosafiri ndani ya kolamu, sehemu ya nyuma huwa daima ndani ya kiyeyushi chenye nguvu zaidi kidogo kuliko ile ya mbele, kwa sababu kiyeyushi kinachokuja baadaye kina nguvu zaidi. Kwa hiyo mkia husukumwa kwa kasi na kuufuata uso, mkanda hubanwa, na kilele hutoka kikiwa chembamba na kirefu. Katika kiyeyushi kisichobadilika, kemikali inayochelewa hutanda. Katika gradienti hata inayochelewa hutoka ikiwa imebanwa. Hapo ndipo kipimo cha vitu vilivyo kidogo mno kilipowezekana, kwa kuwa kiasi kilekile kikitoka kwa muda mfupi huonekana wazi zaidi kwa kitambuzi.

Nadharia ilikamilishwa baadaye na Lloyd Snyder wa Marekani pamoja na John Dolan na wenzao, ambao katika maandishi yao ya mwaka 1979 na kuendelea walionyesha kwamba logi ya kiwango cha kung'ang'ania cha kemikali hushuka kwa mstari ulionyooka, au unaokaribia kunyooka, kadiri asilimia ya kiyeyushi chenye nguvu inavyopanda. Kwa mwanafunzi, kanuni ya kukumbuka ni kwamba nyongeza ya asilimia 10 ya methanoli au asetonitrili hupunguza kung'ang'ania kwa molekuli ndogo kwa mara mbili hadi tatu. Ndiyo sababu kemikali iliyoonekana kutotikisika kabisa katika asilimia 10 huondoka yenyewe ikifika asilimia 40, na ndiyo sababu kosa dogo la kuchanganya hubadilisha muda wa kutoka kwa kiasi kikubwa.

Katika mashine za leo nafasi ya chupa ya Uppsala imechukuliwa na pampu mbili, au pampu moja yenye vali, zinazoongozwa na kompyuta. Kwa mfano wa kufundishia, chupa A ina maji yenye chumvi kidogo ya kutuliza kiwango cha asidi, na chupa B ina methanoli tupu. Dakika ya kwanza kiyeyushi ni asilimia 95 ya A na 5 ya B. Kisha B huongezwa kwa mwendo sawa hadi ifike asilimia 50 katika dakika ya 25. Kisha hupandishwa hadi asilimia 95 kwa dakika 5 ili kuosha kila kilichobaki. Kisha hurudishwa asilimia 5, na mpimaji husubiri. Kusubiri huko ndiko kunakowashinda wanaoanza. Kolamu iliyotoka kuoshwa na methanoli haiko tayari kwa sampuli inayofuata mpaka kiyeyushi cha mwanzo kimepita ndani yake kwa ujazo wa takriban kolamu kumi, na asiyevumilia atapata vilele vinavyohama kila mara asijue kwa nini. Vilevile, kiyeyushi kilichochanganywa huchukua muda kusafiri kutoka mahali kinapochanganyika hadi mlangoni mwa kolamu, na kwa kuwa muda huo hutofautiana kati ya mashine na mashine, utaratibu uliofanya kazi vizuri katika maabara moja unaweza kuvurugika katika nyingine. Jambo la tatu ni maji: uchafu uliomo katika maji yasiyosafishwa vya kutosha hukusanyika mwanzoni mwa kolamu wakati kiyeyushi ni dhaifu, kisha hutoka kama kilele halisi nguvu inapopanda, hivyo mpimaji mwaminifu hutanguliza mzunguko mmoja usio na sampuli ili ajue ni vilele gani vinavyotoka kwenye maji yake mwenyewe.

Mlipuko wa 2004 uliikuta elimu hii yote ikiwa tayari vitabuni. Taarifa za ugonjwa wa manjano unaoua zilitoka Makueni na Kitui, na kufikia tarehe 20 Julai watu 317 walikuwa wameugua na 125 wamefariki, yaani takriban wanne kati ya kila kumi, wengi mno wakiwa wa wilaya hizo mbili. Sampuli za mahindi zilifika hadi sehemu 4,400 kwa bilioni, ilhali kikomo cha kisheria cha Kenya wakati huo kilikuwa 20. Uchunguzi wa masoko ulikusanya bidhaa 350 za mahindi kutoka kwa wachuuzi 243 katika masoko 65 ya Makueni, Kitui, Machakos na Thika, ukakuta kwamba asilimia 55 zilizidi kikomo na asilimia 7 zilizidi sehemu 1,000 kwa bilioni. Wachunguzi walihitimisha kwamba mahindi yaliyolimwa hukohuko nyumbani yalikuwa yameingia katika biashara, hivyo familia iliyomaliza akiba yake na kwenda sokoni ingeweza kununua sumu ya jirani. Walikuta pia kwamba hatari iliongezeka kwa waliohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba za kulala, na katika mwaka wa njaa desturi hiyo inaeleweka, kwani ghala la nje lililoinuliwa juu ya nguzo hupitisha hewa vizuri lakini halina kufuli. Baadaye Probst, Njapau na Cotty walionyesha, mwaka 2007, kwamba kuvu aliyehusika alikuwa wa aina ya S, inayotoa sumu nyingi kupita kawaida.

Hata hivyo, mahindi yana kasoro yakiwa shahidi. Sumukuvu haisambai sawasawa: punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, hivyo konzi moja ikaonekana safi na nyingine ikaonekana ya kuua. Zaidi ya hayo, mahindi yaliyomuua mtu mara nyingi yalikuwa yameshaliwa, na yaliyobaki yalikuwa mengine. Swali la nani alikula kiasi gani halikuweza kujibiwa na gunia. Lilihitaji damu.

Aflatoksini B1 ikifika kwenye ini hugeuzwa na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia mwilini, kuwa umbo linalonasa upesi kwenye chembe za urithi na kwenye protini. Sehemu yake hunasa kwenye laisini, mojawapo ya vijenzi vya albumini, ambayo ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote katika majimaji ya damu. Muundo wa mnaso huo ulielezwa mwaka 1987 na Sabbioni na wenzake. Kwa kuwa nusu ya albumini huisha na kubadilishwa kila baada ya takriban siku 20, damu hutunza kumbukumbu ya mlo wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Ili kuisoma, maabara huitenga albumini na kuikatakata kwa kimeng'enya hadi laisini iliyonasa sumu ijitokeze, lakini hapo ndipo mpimaji anapojikuta na mchanganyiko mgumu kuliko wa mahindi: asidi amino za kila namna na vipande vya protini, vingine vikipenda maji na vingine vikiyakimbia, na katikati yao kemikali moja iliyo kidogo kuliko vyote. Kiyeyushi kisichobadilika kingeizika chini ya vilele vya majirani zake. Kwa hiyo mbinu iliyozoeleka huanza na maji yenye fosfeti na methanoli kidogo, vipande vinavyopenda maji vikatoka kwanza, kisha methanoli huongezwa taratibu mpaka laisini yenye sumu itoke peke yake, imulikwe kwa mwanga wa mawimbi ya nanomita 405 na kujibu kwa mng'ao wa nanomita 470.

Hivyo ndivyo gradienti ilivyoingia katika historia ya Makueni na Kitui. Utafiti ulioongozwa na Azziz-Baumgartner, uliochapishwa mwaka 2005, uliwalinganisha wagonjwa 40 na watu 80 wasiougua, ukakuta wastani wa sehemu 354.53 kwa bilioni katika mahindi ya wagonjwa dhidi ya 44.14 katika ya wengine, na katika damu ukakuta nanogramu 1.2 za laisini iliyonasa sumu kwa kila miligramu ya albumini dhidi ya 0.15. Sampuli 102 za damu kutoka mlipuko huo zilitumiwa na McCoy na wenzake, mwaka 2008, kulinganisha njia tatu za kupima: ile ya kingamwili, ile ya kolamu yenye kitambuzi cha mng'ao, na ile ya kolamu iliyounganishwa na spektrometa ya tungamo, mashine inayozitambua molekuli kwa uzito wao. Njia mbili za kolamu zilikubaliana karibu kabisa. Wapimaji wa damu za watu kote duniani wanaendelea kutegemea matokeo hayo, na ni haki isemwe wazi kwamba uthibitisho wake ulitoka katika damu ya Wakenya waliofikwa na msiba huo.

Mbinu hiyohiyo ilionyesha pia kwamba mlipuko ulikuwa sehemu inayoonekana ya jambo kubwa zaidi. Sampuli 600 zilizotolewa katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007, mwaka ambao haukuwa na msiba wa namna hiyo, zilipopimwa, asilimia 78 zilikuwa na sumukuvu, na kiwango cha juu kuliko vyote kilikuwa cha Mkoa wa Mashariki, ambao ndani yake zilikuwamo Makueni na Kitui. Watu hao hawakuwa wagonjwa wa manjano. Walikuwa watu wa kawaida waliokula chakula cha kawaida.

Chakula hicho katika Ukambani mara nyingi ni muthokoi, yaani mahindi yaliyotwangwa kwa kinu na mchi mpaka ganda la nje na kiini vikatoka, kisha yakapikwa pamoja na maharagwe, kunde au mbaazi. Mutungi na wenzake walipoyafuatilia mahindi katika hatua hizo, mwaka 2008, waliona kwamba kukoboa peke yake kuliondoa karibu nusu ya aflatoksini, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa katika zile tabaka zinazoondolewa, na kuloweka katika maji yenye magadi kuliipunguza zaidi. Ufundi wa akina mama wa Ukambani unastahili heshima yake kamili katika historia hii, ingawa nusu ya kiasi kikubwa mno hubaki kuwa kikubwa mno, na ingawa pumba zinazobaki huliwa na kuku na ng'ombe, na maziwa ya ng'ombe hubeba sumu hiyo ikiwa katika umbo la M1.

Tangu hapo gradienti imerudi kwenye mahindi yenyewe kwa swali jipya, kwani gunia lenye kuvu mmoja mara nyingi lina wengine. Fumonisini, iliyotambuliwa Afrika Kusini mwaka 1988, na sumu nyingine za kuvu wa jenasi ya Fusarium hukaa katika punje zilezile, na tabia zao hutofautiana mno: deoksinivalenoli hupenda maji na kutoka dakika za mwanzo, aflatoksini hufuata katikati, na zearalenoni, inayopenda mafuta, husubiri mpaka methanoli iwe nyingi. Mzunguko mmoja wa gradienti wenye spektrometa ya tungamo mwishoni huzipima zote kwa pamoja. Kikomo cha Kenya nacho kimeshushwa hadi sehemu 10 kwa bilioni kwa aflatoksini zote na 5 kwa B1, na dawa ya kibiolojia iitwayo Aflasafe KE01, inayotumia aina za Aspergillus flavus zisizotoa sumu ili ziwanyime nafasi wenye sumu, ilisajiliwa nchini mwaka 2015.

Katika Meru na Tharaka-Nithi, kaunti jirani zenye hatari inayofanana, Hoffmann, Jones na Leroy walichapisha mwaka 2018 matokeo ya jaribio lililobadilisha mahindi machafu ya familia kwa mahindi safi ili kuona kama watoto wangekua vizuri zaidi. Laisini yenye sumu ilipungua katika damu ya watoto wa vijiji vilivyosaidiwa. Urefu wao uliongezeka kidogo katikati ya jaribio, lakini mwishoni haukutofautiana na wa wenzao kwa kiasi cha kuthibitika, na uhusiano kati ya sumu hiyo na kudumaa kwa watoto ungali unachunguzwa, huku damu ikisomwa kwa kiyeyushi kinachoanza dhaifu na kuongezwa nguvu.